Wageni Mvuani

Wiki mbili kabla ya safari, Dorte aliteleza kwenye ngazi za hospitali anakofanya kazi ya uuguzi, na goti lake la kulia likapinda vibaya. Daktari akamwambia hapana meli, hapana ngazi, hapana chochote isipokuwa kochi kwa muda wa mwezi mzima.

Mumewe, Rói, alipopigiwa simu alikuwa juu ya paa la nyumba ya watu akipigilia mbao. Jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa goti la mkewe. Alijilaumu baadaye, ila ndivyo ilivyokuwa. Aliwaza: sasa nitakwendaje na Sunniva peke yangu?

Sunniva, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na usonji. Alisema machache, na aliyoyasema aliyasema jinsi yalivyo. Alikula makaroni yasiyo na mchuzi, tango lililomenywa na mkate mkavu wa aina moja tu. Dunia ikimjia kwa mpangilio alikuwa mtoto mchangamfu. Ikimjia ghafla, ilimuumiza hasa, kama vile maji ya moto yanavyomuumiza mtu mwingine. Dorte ndiye aliyejua kuiona hatari ingali mbali. Rói alimpenda binti yake kupita maelezo, lakini katika kazi hiyo alikuwa kibarua tu. Fundi alikuwa mkewe.

Na safari yenyewe haikuwa ya kuahirisha. Mama yake Rói, Anna Sofía, alikuwa anatimiza miaka themanini huko Norðvík, kijiji cha Visiwa vya Faroe alikozaliwa Rói. Mara ya mwisho bibi huyo kumwona mjukuu wake, mtoto alikuwa na miaka mitano, na bibi ndiye aliyewafuata Aarhus, mji wa Denmaki walikoishi. Mwaka uliofuata walijaribu kwenda kwa ndege. Walifika kwenye foleni ya ukaguzi wa mizigo, wakaishia hapo, wakarudi nyumbani kwa teksi huku Sunniva amejifunika koti la mama yake kichwani. Tangu siku ile hakuna aliyetaja tena neno ndege. Safari hii wangekwenda kwa meli, siku moja na nusu baharini.

"Nenda," Dorte alimwambia akiwa kochini, goti juu ya mito mitatu. "Mimi nitaandika kila kitu."

Akaandika kurasa nne. Rói akazitafsiri kwa Kifaroe usiku mmoja, akamtumia mama yake nakala, yeye akaikunja ile ya Dorte akaitia mfukoni.

Aliyekuwa na hamu kuliko wote ni Sunniva mwenyewe. Visiwa vya Faroe vina milima mingi na mahandaki mengi yaliyotobolewa ndani yake, na yeye aliyajua yote kwa ramani, urefu wake na mwaka yalipofunguliwa. Alikuwa na daftari lenye orodha ya mambo anayokwenda kuona. Mahandaki yalikuwa ya kwanza. Bibi alikuwa wa pili, na Sunniva hakulificha hilo.

Mambo melini yalianza vizuri. Chumba kilikuwa kidogo na kitanda kilikuwa na pazia, vitu viwili alivyovipenda. Kumbe juu ya kile kitanda palikuwa na spika. Tangazo la kwanza lilimshtua. La pili likamfanya avae vizuia sauti vyake vya masikioni. La tatu, lililokuwa la kuwaalika abiria kwenye bahati nasibu, lilimkuta amelala kidogo, na hapo akapiga yowe ambalo Rói aliamini limesikika mpaka kwa nahodha. Akajikunja chini ya blanketi akijipiga paja kwa ngumi. Rói akaitoa karatasi ya Dorte mfukoni, asione hata mstari mmoja unaohusu spika.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mhudumu wa meli, mwanamke wa makamo aitwaye Beinta, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Rói akaanza kuomba radhi jinsi alivyozoea kuwaomba majirani, waalimu na watu madukani, lakini yule mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaangalia blanketi.

"Anapenda kujua mambo mapema?" akauliza.

"Kuliko kitu chochote," Rói akajibu.

Beinta akaenda zake. Baada ya robo saa akarudi na karatasi aliyoandika kwa mkono wake mwenyewe, saa na dakika za kila tangazo lililobaki mpaka bandari ya Tórshavn. Yalikuwa kumi na moja. Akaipitisha chini ya blanketi, kisha akamwambia Rói kwamba kijana anayesoma matangazo huchelewa dakika mbili tatu, mtoto asije akadhani karatasi ndiyo iliyokosea.

Tangu hapo Sunniva hakulala tena kwa hofu. Alisimama ukumbini na saa yake mkononi akilingojea kila tangazo, vizuia sauti vimekaa tayari masikioni, na likipita anaandika. La nne lilichelewa dakika tano. Akaandika kijibarua chenye maneno manne, "Umechelewa dakika tano leo," akampa Beinta apeleke. Matangazo yote ya siku iliyofuata yalitoka kwa dakika yake, na la mwisho lilimalizika kwa kumtakia safari njema abiria wa chumba namba 614. Sunniva hakutabasamu. Aliandika tu daftarini: "Amejirekebisha."

Heini, kaka yake Rói, alikuwa anawangoja bandarini. Alikuwa mtu mkubwa kama mlango, aliyefanya kazi ya uvuvi miaka thelathini, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini. Lakini siku ile alimkumbatia mdogo wake na kumnong'oneza sikioni kwamba karibuni, gari liko kule. Akamnong'oneza Sunniva naye, kwa kuinama, akiwa ameweka mikono nyuma. Njia nzima alinong'ona. Rói akajiuliza ni nani aliyefariki wakamficha habari.

Nyumbani mambo yalikuwa vilevile. Saa ya ukutani imesimamishwa. Mbwa amepelekwa kwa jirani. Anna Sofía alikuja mlangoni akitembea kwa soksi, akampungia mjukuu wake mkono kutoka mbali, kama mtu anayeaga meli. Wakaketi mezani. Makaroni yalikuwa tayari, meupe, bila mchuzi, na tango limemenywa mpaka limebaki la kusikitisha. Watu wote wakala makaroni, Heini naye, na hakuna kijiko kilichogusa sahani kikalia.

Sunniva akawatazama mmoja mmoja.

"Kuna mtu amekufa?" akauliza.

"Hapana, mwanangu," bibi akanong'ona. Kidenmaki chake kilikuwa cha shule na cha kanisani, kila neno likitamkwa lote mpaka mwisho, na Sunniva alisema baadaye kwamba ndicho Kidenmaki kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia.

"Mbona mnaongea hivyo?"

Anna Sofía akainuka, akaileta karatasi kutoka juu ya friji. Ilikuwa imechakaa kwa kusomwa. Akaweka kidole kwenye mstari wa sita. "Imeandikwa hapa: msipige kelele, kelele zinamuumiza."

"Mama aliandika kelele za ghafla," Sunniva akasema. "Baba ameruka neno."

Rói akaitoa ile ya Dorte, akatazama mstari wa sita. Ni kweli. Kwa neno moja aliloliruka usiku ule, kijiji kizima kilikuwa kimenong'ona siku nne kikifanya mazoezi. Heini akaangua kicheko alichokuwa amekibana tangu bandarini, kicheko cha kutikisa vikombe, na Sunniva akaziba masikio kwa mikono miwili.

"Kama hiyo," akasema. "Hiyo ni ya ghafla."

Heini akaomba radhi, safari hii kwa sauti ya mtu wa kawaida. Mbwa akarudishwa siku hiyohiyo.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za mahandaki. Heini aliacha kazi zake akawaendesha, kwa sababu, alisema, gari ni lake na hakuna atakayemwambia ameishi hapa miaka hamsini na minne bila kuyajua mahandaki yao. Ukweli ni kwamba hakuyajua. Sunniva ndiye aliyemweleza, kutoka kiti cha nyuma, daftari gotini, na Heini alikuwa akiitikia, "Kumbe," kisha kimya kidogo, kisha tena, "Kumbe."

Mahandaki ya zamani ya huko ni membamba, njia moja tu, giza tupu, na kila baada ya hatua kadhaa pana sehemu iliyochongwa pembeni ya kupishana. Sheria ni rahisi: ambaye sehemu hizo ziko upande wake ndiye anayepisha. Heini aliijua sheria hiyo tangu ana meno ya utoto. Lakini siku ya pili alikuwa katikati ya kisa kirefu cha kondoo dume aliyeingia kanisani, akaipita sehemu ya kupishana iliyokuwa upande wake huku taa zinaonekana mbele. Taa zikakua. Lilikuwa basi.

"Atasimama," Heini akasema. "Huyo ni Sólrun. Ananijua."

"Sheria haisemi kujuana," Sunniva akasema.

Basi na gari vikasimama uso kwa uso. Heini akawasha taa akazima, kumwonyesha Sólrun kwamba ni yeye. Sólrun naye akawasha akazima, kumwonyesha kwamba ameona na haendi popote.

"Sehemu namba nne iko nyuma yetu," Sunniva akasema. "Lazima urudi."

Heini akaanza kueleza kwamba nyuma ya basi pia pana nafasi, na kwamba dereva wa basi ana mazoezi zaidi.

"Lazima urudi, Anko Heini. Lazima."

Rói aliisikia ile sauti ikipanda. Aliijua ngazi ile na alijua inaishia wapi. Zamani angegeuka nyuma akaanza kumbembeleza mtoto, akamwomba amwelewe mkubwa. Safari hii akamgeukia mkubwa.

"Kaka," akasema polepole, "ni wewe uliyekosea. Rudi."

Heini akamtazama mdogo wake, akapiga rivasi. Alirudi kwa shingo iliyopinda, jasho likimtoka, katika giza ambalo halikumwachia hata shubiri moja kila upande, huku Sunniva akimwongoza: kulia kidogo, sasa nyoosha, bado, bado, simama. Basi likapita taratibu. Ndani mlikuwa na abiria kumi na mmoja, wote wakimtazama Heini, na kila mmoja alimpungia mkono kwa heshima. Walipofika Norðvík, habari ilikuwa imewatangulia. Jirani wa kwanza aliyewaona alimwuliza Heini kama sasa ameajiri dereva.

Basi ikaja siku yenyewe ya bibi, Jumamosi. Huko mtu akitimiza miaka themanini haaliki mtu. Mlango unafunguliwa, na kila anayemjua anaingia. Na Anna Sofía alijuana na kisiwa kizima. Kuanzia saa sita mchana walikuja, wanawake kwa shali na wanaume kwa masweta ya Jumapili, kila mmoja na keki yake au sahani ya nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo. Rói alifanya kila kitu kama alivyoagizwa. Alimwonyesha Sunniva chumba cha kujipumzishia ghorofani. Alimwambia makadirio ya idadi ya wageni. Alikuwa anamtazama kila dakika tano. Mtoto alikaa kwenye kona ya jikoni, vizuia sauti masikioni, akazipanga keki kwa ukubwa, akajibu aliyemsalimia, asijibu alipochoka, na hakuna aliyeona ajabu. Rói akaanza kuamini kwamba siku itapita salama. Akajimiminia kahawa.

Alichosahau kukiandika, yeye na Dorte na kila mtu, ni kwamba watu arobaini wa Faroe wakiwa chumba kimoja na mzee wa kusherehekewa hawasemi, "Sasa tuimbe." Anaanza mmoja. Na alipoanza mzee mmoja wa kwaya, wote waliinuka kwa pamoja na kuimba kwa nguvu zote, sauti nne, viti vikikwaruza sakafu, katika sebule ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili.

Yowe la Sunniva lilipita juu ya wimbo. Sahani ikaanguka. Alikimbia asijue anakokimbilia, watu wako kila upande, akawapigapiga kupata njia, akafika kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni na kujisukuma nyuma ya makoti yaliyotundikwa, na huko akaendelea kupiga kelele na kujipiga kichwa kwa viganja. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Rói alikwenda akaketi sakafuni, mgongo ukiwa umegeuziwa makoti, akaweka mkono nyuma yake ili kichwa kikigonga kigonge kiganja badala ya ukuta. Hakusema kitu. Hilo alilijua bila karatasi. Lakini ndani yake alikuwa ameshaanza kukunja mizigo. Miaka tisa wamekuwa wakiondoka katika sherehe za watu: harusi ya dada yake Dorte kabla ya chakula, Krismasi ya kazini kabla ya zawadi, daima wao watatu mlangoni na viatu havijafungwa, na nyuma yao watu wakisema hakuna neno, hakuna neno, kwa ile sauti ya kushukuru kwamba wanaondoka. Sasa na sherehe ya mama yake wameiharibu.

Akasikia sauti ya mama yake kutoka sebuleni, kwa Kifaroe, bila kupayuka.

"Mtoto anahitaji nyumba. Sisi tunahitaji kahawa tu. Chukueni viti."

Kisha ilisikika minong'ono, na hatua nyingi zikielekea mlango wa nyuma. Rói akadhani wanakwenda makwao. Alikaa pale mpaka kelele nyuma ya makoti zikawa kilio, na kilio kikawa kuvuta kamasi, na mkono mdogo ukamsukuma mgongoni, maana yake: nenda sasa, nataka kukaa peke yangu. Akainuka, miguu imekufa ganzi, akaenda kwenye dirisha la jikoni.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka na ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Na huko nje, kwenye majani kati ya nyumba na ukuta wa mawe wa zizi, wageni wote walikuwepo. Wengine wameketi, wengine wamesimama, shali zimefunika vichwa. Keki zimepangwa juu ya ukuta wa zizi, kila moja imefunikwa sufuria. Anna Sofía alikuwa katikati kwenye kiti cha jikoni, amevaa koti la Heini la uvuvi juu ya nguo zake za Jumapili, anakunywa kahawa iliyokuwa ikiongezeka kwa mvua. Walikuwa wakizungumza na kucheka kama kawaida, ila kwa sauti ya chini kidogo. Kondoo watatu walikuwa wanatazama.

Rói akatoka. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, yaleyale ya siku zote, lakini mama yake alimwahi.

"Funga mlango, unaingiza baridi kwa mtoto."

"Mama, mvua inawanyeshea hapa."

"Nimeiona." Akamkabidhi kikombe chake. "Hebu nijazie. Na uniambie: ni wimbo, au ni kwa kuwa hatukumwambia?"

"Hamkumwambia. Wala mimi sikumwambia."

"Basi tumekosea sote," mama yake akasema, na hapo mjadala ukaisha.

Mzee wa kwaya alikuja akampa Rói mkono. Alisema yeye mwenyewe, alipokuwa mdogo, alikuwa akijificha kwenye banda la mashua kila kilipolia bandarini king'ora cha kuonya meli kwenye ukungu, na babake alimchapa kwa hilo. Kisha akamwachia mkono. Akaenda kujikatia nyama.

Baada ya saa nzima hivi, dirisha la jikoni likafunguka kiasi cha ngumi.

"Keki ya pili inakatwa saa ngapi?" Sunniva akauliza.

Arobaini wakageukia dirisha. Bibi akatazama saa yake, akatafakari kama mtu aliyeulizwa jambo la serikali. "Saa kumi kasoro kumi."

"Nitatoka saa kumi kasoro kumi. Msiimbe."

"Hatuimbi."

"Leo tu. Kesho mkiimba, niambieni saa."

Dirisha likafungwa. Saa kumi kasoro kumi mlango ukafunguka, Sunniva akatoka kwa koti la mvua na vizuia sauti, macho bado mekundu, akasimama karibu na ukuta wa zizi. Akala sehemu ya chini ya keki, krimu akampa Heini. Kisha akawatangazia kwamba yeye amemaliza kuitumia nyumba, wanaweza kurudi ndani. Lakini hakuna aliyesogea. Walikuwa wameshazoea, walisema, na hewa ni nzuri. Sólrun wa basi akamwuliza Sunniva kama ni kweli sehemu za kupishana katika lile handaki ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na wakaanza kuzihesabu wao wawili, mvua ikiwadondoka puani.

Rói akampigia Dorte simu ya video, akaielekeza kwenye majani, ukuta, sufuria na umati.

"Rói," Dorte akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia, "nyumba imeungua?"

"Hapana."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, na alipofika pale mama yake aliposema wachukue viti, akageuzia simu kwenye ukungu. Dorte akauliza kama Sunniva amekula.

"Amekula," Rói akasema akijifuta uso kwa mkono. "Mimi ndiye sijala."

"Sasa unaongea na mimi ya nini?"

Dorte alikuwa na hoja. Heini alikuwa ameshafunua sufuria ya mwisho. Rói akatia simu mfukoni, akakimbia.